Bisi ya Mitwaba na Turbo Iliyolala

Ninyi vijana mliobaki kule garajini, mnaovaa salopeti safi za kazi asubuhi na kudhani zitabaki safi, haya ni yenu. Mliniomba niandike. Mlisema huyu kambo, bibi yenu wa garaji, akienda zake ataondoka na vitu vyake kichwani. Basi nimeketi, ninaandika. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo msinitafutie makosa ya kalamu. Tafuteni makosa ya motoka. Na msitegemee niwaambie nani alipandishwa cheo na nani alinyimwa. Hayo mtayasikia kwenye matanga yangu, watu huwa wanayasema vizuri pale.

Siku ya kwanza sikuja kutafuta kazi. Nilikuja kudai sahani. Nilikuwa nauza mihogo ya kukaanga ng'ambo ya garaji, pale Kamalondo, na mafundi walikuwa na tabia ya kuondoka na mihogo pamoja na sahani. Asubuhi ile nikavuka njia kwa hasira. Fundi Ramazani, mwenye garaji, alikuwa ameinama juu ya injini, mkono umezama mpaka kiwiko. Alikuwa mtu wa jamaa za Maniema, babu zake ndio walioleta misikiti mtaa ule, na kofia yake haikuwahi kuguswa na grisi hata siku moja. Sijui alifanyaje. Vidole vyake vilikuwa vinene kama mihogo yangu.

Hakusalimia. Alisema, "Mama, leta mukono yako hapa."

Nikamwambia nimefuata sahani.

"Sahani iko. Kwanza mukono."

Nikaingiza mkono nyuma ya injini, nikapapasa, nikaikuta nati. Akaniambia niizungushe upande gani, ikatoka. Halafu akaniuliza kule ndani nilihisi nini kingine. Nilisema kuna mafuta upande mmoja, upande mwingine mkavu, na kuna mpira uliolainika kama mkate uliolowa. Akanitazama kidogo, akanipa sahani yangu, akasema nirudi kesho, na nisije na mihogo. Kesho yake nilirudi na mihogo. Simjui mtu, nitaachaje jembe kabla sijaliona shamba jipya?

Kwanza niliosha. Nilikaa na beseni la mazuti, mafuta ya dizeli, nikiosha turbo zilizojaa masizi, siku baada ya siku, hata bukari, ugali wetu wa nyumbani, ikanuka mazuti na watoto wakalalamika. Ninyi leo mnataka kufungua injini siku ya kwanza. Kuosha ndiko kulikonifundisha. Ukiosha kitu unakijua kilipoumia.

Kwa kuwa najua hata wake zenu watasoma, nitasema turbo ni nini. Ni konokono wawili wa chuma waliopeana migongo. Ndani ya kila mmoja kuna gurudumu dogo lenye mabawa, na magurudumu hayo mawili yameshikwa na chuma kimoja katikati. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha gurudumu la kwanza. La pili, kwa kuwa limefungwa nalo, linazunguka pia, linavuta hewa na kuishindilia ndani ya injini, na injini inapata nguvu ambayo peke yake haina. Shida ni kwamba moshi lazima uje kwanza. Shofa akikanyaga mafuta, injini inatoa moshi, moshi unasukuma gurudumu, gurudumu linakusanya hewa, hewa inajaza mipira inayoipeleka kwenye injini, ndipo nguvu inafika. Kati ya mguu na nguvu kuna kungoja. Sisi tulisema turbo inalala. Hakuna turbo isiyolala hata kidogo. Anayekuambia anayo, anataka kukuuzia. Kazi yetu ilikuwa kuupunguza usingizi.

Fundi Ramazani hakuwa mtu wa maneno. Alinifundisha kwa kunipiga kidole begani. Nikichukua burashi ya chuma niguse mabawa ya gurudumu: kidole. Bawa likikwaruzwa, uzito unahama, gurudumu linayumba, na linaloyumba linachelewa. Nikilizungusha kwa pumzi yangu na kuinuka haraka: kidole, maana yake nisikilize. Gurudumu zima linaendelea kuzunguka likinong'ona. Bovu linakata maneno. Mara nyingi ubaya unatoka kwenye mafuta ya injini. Shofa anatoka mbio mpakani Kasumbalesa, injini inawaka, anafika nyumbani, anazima papo hapo na kwenda kula. Yale mafuta yaliyobaki ndani ya turbo yanaungua, yanakuwa makaa, na kesho gurudumu linazunguka kwenye makaa. Nimewaambia mashofa maisha yangu yote: kabla ya kuzima, iache injini ipumue kidogo, umsalimie mke wako kupitia dirisha. Wanaitika. Halafu wanazima.

Kuna wakati ulikuja ugonjwa wa turbo kubwa. Kila mwenye bisi ya abiria alitaka turbo ya kamiyo, ya lori zima, ifungwe kwenye injini ndogo, apate nguvu. Nguvu ilikuja, lakini ilikuja imechelewa, kama mjomba kwenye harusi, chakula kimekwisha. Gurudumu kubwa ni zito, na moshi wa injini ndogo ni mdogo. Tulizitoa nyingi. Fundi alikuwa anamwambia mteja, mtoto hapewi viatu vya baba yake kwa sababu baba anakimbia. Wengine walikasirika na kwenda garaji nyingine. Walirudi, wakiwa wametazama pembeni.

Zikaja baadaye hizi turbo mpya zenye vibao vidogo vinavyojifunga moshi ukiwa kidogo na kujifungua ukiwa mwingi. Ni akili nzuri ile. Mlango ukiwa mwembamba, moshi kidogo unapita kwa kasi, gurudumu linaamka mapema. Lakini masizi yakivishika vile vibao havichezi tena. Hapo kompyuta yenu inasaidia, sikatai. Inawaambia vibao vimekwama. Kuvisafisha bado ni vidole.

Sasa niseme juu ya ubani, kwa sababu hadithi ya bisi ya Mitwaba inapitia hapo.

Hewa ikivuja njiani, turbo inalala hata kama ni mpya. Inashindilia, lakini nusu inatoroka kabla ya kufika. Kulitafuta lile tundu ndiyo kazi ngumu, maana mpira uliopasuka huwa unajifunga injini ikizimwa, na jicho halioni kitu. Wengine wanapaka maji ya sabuni. Huko chini nyuma ya injini, gizani, maji yanateleza tu. Fundi Ramazani alikuwa na kopo la zamani la mafuta lenye matundu mawili. Ndani aliweka makaa na ubani. Tundu moja lilipokea pampu ya baiskeli, la pili lilitoa mpira mwembamba ulioingizwa kwenye njia ya hewa ya injini. Ukipampu, moshi mweupe unajaza mipira yote na kutokea penye kidonda. Aliuchagua ubani kwa sababu moshi wake ni mzito na haubandiki uchafu, na kwa sababu una harufu isiyofanana na kitu chochote garajini. Macho yake yalipoanza kumkataa, alikuwa anaketi kwenye kiti, mimi napampu, naye anasema, "Chini, kushoto." Pua yake ilikuwa imefika kabla ya macho yangu. Kwetu kopo lile lilikuwa kifaa kama kle ya kufungulia nati, na hatukufikiria mtu mwingine anaona nini akilitazama.

Papa Mukendi alikuwa shofa wa bisi ndogo ya kwenda Mitwaba, mbali huko kupita Likasi. Wazazi wake walitoka Kasai. Yeye alizaliwa hapa hapa, na alikuwa shemasi katika kanisa moja la maombi. Mtu mpole, anayepangusa viatu kabla ya kuingia hata garajini. Siku aliyokuja, kioo cha pembeni cha bisi hakikuwepo.

Alisimulia akitazama chini. Kwenye njia ya Likasi, kwenye mwinuko, alikuwa nyuma ya kamiyo ya madini. Mbele aliona njia iko wazi, akatoka kuipita. Akakanyaga. Bisi haikutoa kitu. Alikuwa katikati ya njia, sambamba na magurudumu ya kamiyo, na kamiyo nyingine ikawa inashuka. Alirudi nyuma kwa kufunga breki, na ile iliyoshuka iliondoka na kioo chake. Bisi ilikuwa imejaa watu. Tangu siku hiyo hakupita tena kamiyo yoyote. Alikuwa anazifuata mpaka Likasi kama mtu anayesindikiza maiti. Abiria walimtukana. Mwenye bisi alimwambia kwamba asipobadilika, funguo zitakwenda kwa shofa kijana.

Nikasema basi tuone hiyo turbo. Akatikisa kichwa.

"Mama Ngoie, si bisi. Ni miguu yangu. Nikikanyaga, sisikie kitu. Pengine miye njo nimekufa mu miguu."

Nimesikia mashofa wakilaumu mafuta, barabara, serikali na wake zao. Sikuwahi kumsikia anayejilaumu mwenyewe mpaka kwenye miguu. Nilimwambia awashe, tukaenda mpaka njia ya Luano, mimi nikikaa pembeni yake. Kila alipokanyaga nilisikia mluzi mwembamba, kama mtu anayeita mbuzi kwa mbali, halafu kimya, halafu kwa kuchelewa sana bisi inasukumwa. Niliutazama mguu wake pia. Ulikuwa unakanyaga vizuri kuliko wa wengi.

Tukarudi. Fundi alikuwa mlangoni kwenye kiti chake. Nilifungua mpira wa hewa, nikawasha makaa, nikaweka ubani, nikaanza kupampu. Papa Mukendi alikuwa amekwenda kununua maji. Aliporudi alikuta bisi yake inafuka moshi wa ubani, na mzee mwenye kofia ameinua pua na macho yamefumbwa.

"Mama, miye ni muntu wa maombi," akasema. "Munanifanya nini?"

Nikamwambia tunatafuta tundu.

"Tundu munaitafuta na ubani?"

Hakupiga kelele. Alitoa mpira wetu kwa mikono yake, taratibu, akaniwekea chini. Akaingia, akawasha, bisi ikatoka njia ya hewa ikiwa wazi, ikikohoa moshi mweusi mpaka kona. Watu walikuwa wamesimama kwenye lango letu, na mmoja alikuwa muuza maji wa parkingi ya bisi. Kabla ya jua kuzama, parkingi nzima ilijua kwamba bisi ya Mitwaba ilipelekwa kufukizwa dawa za kiganga.

Mimi nilikasirika. Fundi hakukasirika. Alisema, "Moshi ni moshi. Mumupatie moshi yenye anapenda."

Nilimfuata Papa Mukendi kwake siku ya pili, katika lupango, ua mmoja wanamokaa wapangaji wengi. Mke wake alinipa kiti kabla hata ya kuniuliza jina. Nilisema nilichokuja kusema: bisi ina njia wazi ya hewa, inakula vumbi, ukienda nayo Mitwaba hivyo itakufia porini na watu ndani; njoo nifunge, basi, hata kama hutaki nifanye kingine. Mke wake ndiye aliyejibu.

"Mama, muchukue hii motoka, mutengeneze. Huyu hata akilala anakanyaga. Usiku muzima anakanyaga. Miye njo nimekuwa pedali."

Akacheka yeye mwenyewe, kisha akaacha kucheka. Papa Mukendi alitazama vidole vya miguu yake. Nikamwambia achague mwenyewe kitu cha kuchoma. Chochote kinachotoa moshi. Aje nacho, akiwashe kwa mkono wake, akitaka akiombee kwanza.

Alikuja na mguu wa salopeti yake ya zamani, aliyoikata na kuilowesha mafuta. Aliomba juu yake, kwa ufupi, kofia mkononi. Fundi Ramazani kwenye kiti chake naye alivua kofia, sikuwahi kumwona akiivua. Halafu tukawasha. Moshi wa kitambaa ulikuwa mbaya, mweusi, unaingia machoni, na pua ya Fundi haikusaidia kitu, kwa maana garaji yote inanuka hivyo kila siku. Alisema tu, "Leo ni macho yako." Nikalala chini ya bisi na tochi, Papa Mukendi akapampu.

Ilichukua muda. Nilikuwa nimeanza kudhani mluzi niliuota. Halafu chini ya mpira mkubwa, pale unaposuguana na kipande cha chuma, nikaona moshi unatoka kama uzi. Nikamwambia aache pampu. Uzi ukakoma. Akapampu, ukarudi. Sikumweleza. Nilitoka, nikamwambia aingie yeye, na mimi nikashika pampu.

Alikaa kule chini muda mrefu. Nikasikia akiuliza kama ndipo, "Njo hapa?"

"Njo hapo. Weka kidole."

Aliweka kidole. Pampu ikawa nzito mkononi mwangu, kwa hiyo nilijua ameliziba tundu. Alipotoka alijipangusa vumbi. Alikaa juu ya tairi, akainua mguu wa kulia, akaushika kwa mikono miwili kama mtu anayeshika mguu wa mtoto wake aliyepona.

"Basi haikuwa miguu," akasema.

Nilimwacha. Kuna kazi nyingine ya kufanya kwenye garaji mtu akilia, na niliifanya.

Tundu peke yake halikuwa yote, nanyi mlisikilize hili. Mtu fulani kabla yetu alikosa mpira wa kufaa, akaweka mrefu uliozunguka betri kabla ya kufika kwenye injini. Mpira mrefu ni chumba kikubwa; lazima ujae kwanza ndipo nguvu ifike. Tukaukata, tukafunga mfupi, mnene, unaokwenda moja kwa moja, na ile pete ya chuma ya kuubania tukaiweka mpya pande zote mbili. Tukapitisha moshi upande wa bomba la kutolea moshi pia, tukakuta pale bomba linapounganika na injini, kabla ya turbo, pana ufa. Moshi unaotoka hapo hauzungushi kitu. Tukaziba, tukaifunika sehemu ile kwa kitambaa kisichoshika moto, cha wachomeleaji, kwa sababu moshi wa moto unakimbia kuliko uliopoa. Turbo yenyewe hatukuigusa. Ilikuwa nzima. Garaji nyingine ingembadilishia turbo.

Twende tujaribu, nikamwambia. Kwenye njia ya Luano bisi iliamka mara tu alipokanyaga, mpaka akaondoa mguu kwa mshtuko. Lakini Luano ni tambarare, na hofu yake ilikuwa inakaa kwenye mwinuko. Tukashika njia ya Likasi. Kamiyo ya madini ilikuwa mbele, inapanda polepole, imejaa. Papa Mukendi akakaa nyuma yake. Mimi nilitazama dirishani, nikahesabu mashamba ya mahindi ya watu. Sikumwambia apite. Mtu akikuambia upite na wewe hujawa tayari, unapita kwa mguu wake, si wako. Mwishowe nikamsikia anashusha gia moja chini, kama tulivyozungumza, ili injini iwe imeshaamka kabla ya kuombwa. Alitazama. Akatazama tena. Akatoka, akakanyaga, na tukaipita, tukarudi upande wetu, njia mbele yetu iko tupu. Alifungua dirisha. Shati lake lilikuwa limelowa mgongo wote.

Nilidhani kazi imekwisha. Tulipofika parkingi, mwenye bisi alikuwa pale, na shofa kijana amesimama naye. Nilimpandisha mwenye bisi, tukazunguka. Aliisikia mwenyewe, hakubisha. Lakini alinionyesha abiria wa Mitwaba. Walikuwa wamebeba magunia yao kupeleka kwenye bisi nyingine, yenye tairi zilizokwisha. Mama mmoja alimvuta mtoto wake mbali na bisi yetu kwa mkono, kama inaambukiza. Habari ya dawa ilikuwa imefika kabla yetu.

"Bisi ni nzima, nimeona," mwenye bisi akasema. "Lakini shofa eko na jina mubaya sasa. Kesho ikitoka tupu, funguo napatia mwingine. Mama, nielewe na miye."

Nilimwelewa. Bisi tupu hailishi mtu. Papa Mukendi alianza kupangusa kioo cha mbele kwa mkono wa shati.

Nilirudi nyumbani nikitembea. Nilikuta wote wamekaa kula: mzee wangu, baba ya watoto, binti yangu, wakwe zangu wawili, na wajukuu wamejazana kwenye mkeka. Hatuna ndugu Mitwaba. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika kule. Nilinawa mikono, nikaketi, nikawaambia habari yote toka mwanzo, bukari ikapoa. Mzee wangu aliniuliza Mitwaba kuna nini. Nikasema kuna barabara, na shofa anayeijua. Mkwe mmoja akasema ana nguo za kufua. Nikasema zitamngoja.

"Kesho asubuhi siye bote tunapanda bisi ya Papa Mukendi mupaka Mitwaba," nikawaambia. "Mufunge bintu. Na batoto mubakalishe ku madirisha, bantu ba parkingi babaone."